Neno la Zamu

Baba yangu alikuwa polisi mpaka alipostaafu, na mpaka leo hajui kuacha kitu bila ulinzi. Hata sufuria ya maharage ikiwa motoni, lazima aulize nani anabaki nayo. Kwa hiyo nilipompelekea kompyuta ya mezani, ile tuliyoiondoa dukani baada ya kupata mpya, ningepaswa kujua itakavyokuwa. Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi mtaa wa Wandegeya, na kwangu kompyuta ni kitu cha kuwasha, kutumia na kuzima. Kwa Baba ilikuwa lindo.

Nyumba yao iko kwenye mteremko wa Naguru, si mbali na kambi ya polisi tulimozaliwa. Kiswahili chetu kilitoka kambini humo, maana Baba ni wa kaskazini mwa nchi, Mama ni Mnubi, na kila mmoja alikuja na lugha ambayo mwenzake hakuijua. Sheria za Baba za kompyuta zilitoka kambini vilevile. Kila asubuhi alibadilisha neno la siri, kama walinzi walivyokuwa wakibadilishiwa neno la kupita getini. Hakuliandika popote. Mchana, Mama alipomaliza swala na kutaka zamu yake, Baba alisimama, akamwinamia sikioni, akamwambia. Asiyepokea zamu haambiwi, na mimi binti yao sikuwahi kuambiwa.

Asubuhi Baba aliandika habari za vituo alivyotumikia. Mchana Mama aliandika nyimbo za harusi za Wanubi, zile alizofundishwa na shangazi zake. Walielewana vizuri, na dukani nilikuwa nikijisifu kwamba wazazi wangu wamezeeka kisasa.

Kisha kompyuta ikaanza kumkataa Baba. Aliandika neno, ikamwambia si sahihi. Akaandika tena, ikakataa. Siku iliyofuata ikafunguka bila taabu, kesho yake ikagoma. Na kwa kuwa alikuwa ameipanga ijifunge yenyewe mtu akikaa kidogo bila kuigusa, na yeye mwenyewe aliifunga hata akienda kumwaga maji, siku moja ilikuwa na mitihani mingi. Mingine alifaulu, mingine alifeli.

Kuzima nako kulikuwa na kesi yake. Jioni Baba akibonyeza kuzima, kompyuta ilimwuliza kama aifunge kazi ya Mama ambayo haijahifadhiwa. Baba hakukubali. Kwake, mtu aliyeacha kazi wazi bado yuko lindoni, na huwezi kufunga kituo mtu akiwa ndani. Kuihifadhi kwa mkono wake pia hakutaka, maana si zamu yake. Basi iliachwa ikinguruma mpaka umeme wenyewe ukatike.

Hilo la kuzima tulilicheka. La neno la siri hatukulicheka, kwa sababu ya baba mkubwa. Huyo ndugu yake Baba alianza hivyohivyo, kwa kusahau vitu vidogo, na alifariki akiwauliza watoto wake ni watoto wa nani. Baba ndiye aliyemuuguza. Sasa Mama akanipigia simu kuniambia kwamba Baba ameacha kuandika. Jioni anataja majina yetu na ya wajukuu kwa sauti ya chini, kama anayeita majina gwarideni.

Kaka yangu hakutaka kungoja. Alisema Jumapili atakuja na gari aiondoe kompyuta inayomtesa mzee, na Jumatatu Baba apelekwe kwa daktari wa mambo ya kichwa. Nilikasirika, maana kaka yangu ana tabia ya kupanga watu kama anapanga mizigo. Lakini moyoni niliogopa kwamba anasema kweli. Jumamosi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda boda mpaka Naguru.

Nilimkuta Baba ameketi mbele ya kioo cha kompyuta kilichofungwa, amevaa shati la pasi. Nilimwomba aniambie neno la siku hiyo. Akakataa. Nikamweleza kwamba mimi ndiye fundi, na fundi ni kama daktari, hafichwi kitu. Akakataa tena. Nilitaka kupandisha sauti, lakini Mama, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele, alinikata jicho.

"Wewe simama hapa," Baba akasema baadaye. "Mimi natoka, wewe naingia. Hapo ndio nakuambia."

Basi nikasimama kando ya kiti, mwanamke mzima mwenye watoto wangu, nikapokea zamu. Baba aliinuka, akanisogelea sikioni, akasema, "Karanga." Wakati huo nilimpenda kuliko ninavyoweza kueleza.

Nikaandika karanga. Ikakataa. Nikaandika polepole zaidi, ikakataa, na Baba akatazama sakafu. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno laini ya kumwambia, nikakumbuka jambo tunalowaambia kila siku wanafunzi wanaokuja kuchapa kazi zao dukani, kwamba usigombane na vidoti, angalia kwanza umeandika nini. Pembeni ya kisanduku cha neno la siri kuna alama ya jicho. Ukiibonyeza, vidoti vinageuka herufi. Nikaandika tena, nikabonyeza jicho.

Kilichoandikwa kilikuwa krngaa.

Nikabonyeza ile a peke yake. Haikutoka. Nikaibonyeza kwa nguvu, zikatoka mbili. Nikaigeuza kibodi juu chini, nikaipigapiga mgongoni, zikadondoka chembe za sukari zilizoganda. Mama akawa na shughuli nyingi sana na mchele wake. Chai ya Mama ina sukari ya kutosha watu watatu, na kumbe aliimwaga pale wakati wa zamu yake, akafuta juu juu, akaona yamekwisha.

Hapo nikaelewa. Siku neno lilipokuwa kisu au jembe, kompyuta ilifunguka. Siku ya samaki au kahawa, ilitegemea ile herufi imeamkaje, na hata asubuhi ikikubali neno liwekwe, saa moja baadaye iliweza kugoma. Baba angekuwa na neno moja la kudumu kama watu wengine, tungegundua mapema. Kwa kulibadilisha kila siku, aliuchukua ugonjwa wa kibodi akauweka kichwani mwake.

Lakini sikutaka kumpa matumaini ya bure. Niliita ile kibodi inayojitokeza kwenye kioo chenyewe, nikaandika karanga kwa kipanya, herufi moja moja, Baba akisogea karibu na bega langu. Kompyuta ikafunguka.

Baba akakaa kwenye kochi, akavua miwani.

"Kumbe si mimi," akasema. "Mimi nafikiri ni mimi."

Furaha niliyoisikia ilinitoa machozi, nikasingizia vumbi la kibodi. Mchana nilishuka madukani Nakivubo kununua kibodi nyingine. Mama aliahidi kuhifadhi kazi yake kabla ya kutoka zamu, na jioni ile kompyuta ikazimwa kama kompyuta za watu. Nilipotaka kuitupa kibodi ya zamani, Baba alinizuia. Alisema hakuna polisi anayetupa ushahidi kabla ya kesi.

Jumapili kaka alifika, hajaambiwa lolote, kiti cha nyuma cha gari amekitandikia blanketi la kuilaza kompyuta. Baba alimkaribisha kwa upole uliozidi kiasi, akamketisha mbele ya kompyuta, ambayo asubuhi aliniamuru niichomekee ile kibodi ya zamani. Akamwomba aandike jina lake. Kaka alinitazama, nami nikatazama dari. Labda alidhani hivi ndivyo ugonjwa unavyoanza, kwa hiyo akatii haraka, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Jina la kaka yangu lina a nyingi. Kilichotokea kwenye kioo, hata Mama aliyemzaa asingekitambua.

Baba akavaa miwani, akasoma, akasoma tena. Kisha akamwekea kaka mkono begani.

"Pole, mtoto yangu," akasema. "Umesahau jina yako. Kesho mimi nakupeleka kwa daktari."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Kaka alichelewa kuelewa, na alipoelewa hakucheka. Aliushika ule mkono wa Baba uliokuwa begani mwake, akauzuia usiondoke.