Sakafu ya Paini Jikoni kwa Jirani

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye duka la mbao hapa Bariadi, nikisubiri fremu ya mlango, alipoingia mzee jirani yangu akitaka mbao za paini za kutandika sakafu ya jikoni.

Muuzaji aliweka futi yake ya kupimia mezani. "Jikoni, baba? Paini ni laini. Sufuria ikianguka, ubao unabonyea. Siku hizi watu wanaweka malumalu."

"Malumalu ninazo," mzee alisema. "Mke wangu aliteleza juu yake akavunjika nyonga. Amepona, lakini jikoni haingii. Anafika mlangoni, anashika fremu, anarudi."

Muuzaji akavuta ubao mmoja na kuupapasa kwa kiganja. "Nitakuchagulia zilizokauka vizuri. Ukishazipigilia, zipake vanishi, maji yasiingie."

Jumapili hii nilipita kwao. Mke wa mzee alikuwa jikoni, miguu peku, anasonga ugali.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma.

Akaitikia, halafu akanyoosha mwiko kuelekea kwenye alama moja ya kubonyea sakafuni karibu na jiko. "Nimeshaiharibu. Jana niliangusha mchi."

"Mzee ameona?"

"Ameona. Amecheka mpaka akakaa chini."

Kwangu, fundi wa malumalu alikuwa aanze kazi ya jikoni kesho. Nimempigia simu nikamwambia asubiri kidogo. Akauliza kama hela imepungua. Nikamjibu hela ipo, ila bado sijamuuliza anayepika.