Trekta la Watu Wasiokuwepo

Nyumba ya Bwana Baadaye ina ngazi nzuri sana ya saruji. Inapanda, inakata kona, inafika kwenye mlango wa mbao ngumu wenye kitasa cha shaba. Ukiufungua mlango huo na kupiga hatua moja, unaangukia kwenye karo la kufulia. Ghorofa lenyewe bado. Ngazi ilitangulia ili ghorofa likija lisihangaike kupanda. Jikoni kuna bomba la maji ya moto ambalo halijawahi kuyaona maji ya moto, na uani kuna banda la gari ambamo kuku wanalala kwa nafasi kuliko wageni wa nyumba hiyo. Kila anapoulizwa, mwenye nyumba hujibu, "Hiyo ni ya baadaye." Majirani hawakuwa na budi kumpa jina.

Mkewe naye walimpa lake: Mama Doria. Mlango wa juu aliufunga yeye kwa mnyororo, na kila jioni alipanda kuutikisa, ingawa mtoto wao wa pekee alishakuwa mtu mzima, fundi umeme katika mji wa mbali, mwenye mke na mtoto wake. Mama Doria alikuwa mtu wa kutikisa vitu: milango, mitungi ya gesi, kamba za kuanikia nguo. Kisichotikisika alikitazama mpaka kikaona haya.

Kazi yake ni vitunguu. Shamba liko nyuma ya nyumba, linateremka kidogo kuelekea mferejini, na miaka yote matuta aliyapandisha mwenyewe kwa jembe la mkono. Mwaka huu bega la kulia likagoma. Lilianza kwa kulia kama bawaba kavu, likaishia kukataa hata kumfunga kitambaa kichwani. Tabibu wa zahanati alilibonyeza hapa na pale, akamwambia aweke jembe chini.

"Kwa muda gani, daktari?"

"Weka chini tu, mama."

Mvua haikuwa mbali. Matuta ya msimu uliopita yalikuwa yamelala kama wagonjwa. Bila matuta hakuna vitunguu, na bila vitunguu Mama Doria angekaa ndani kutwa akimsikiliza mumewe akihamisha kuta za ghorofa kwa mdomo. Alikuwa tayari kufanya lolote lisimfike hilo.

Basi barabara kuu ikapanuliwa, ikamega ukingo wa mbele wa shamba, wakalipwa fidia. Asubuhi moja, kikombe mkononi, Bwana Baadaye akatangaza, "Tunanunua trekta." Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, mkewe alikubaliana naye kabla hajameza. Angenyamaza hapo, hii ingekuwa hadithi fupi ya ndoa yenye amani. Lakini aliongeza, "La kutufaa mbele ya safari," kisha akamwita mdogo wake.

Huyo shemeji anaitwa Mshauri, kwa kuwa hajawahi kuombwa ushauri na hajawahi kuunyima. Ana gari dogo ambalo mtaa mzima unalifahamu kwa nyuma, maana wote wameshalisukuma. Alikaa sebuleni, akavua viatu, akakohoa kama mtu anayefungua mkutano.

"Kaka, usije ukanunua kidogo. Kidogo ni majuto. Chukua kubwa, chukua na vifaa vyote. Jembe la diski, tela, koleo la mbele, ule mkono wa nyuma wa kuchimba mitaro, na ile mashine ya kufunga majani marobota."

"Mitaro ya nini?" aliuliza Mama Doria.

"Ya maji ya ghorofa," alisema mumewe.

"Na marobota?"

"Chakula cha ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa mwanao. Akirudi."

Hapo Mama Doria akainama kuokota kitu sakafuni. Sakafuni hapakuwa na kitu. Miaka michache nyuma, kwenye likizo, kijana alisema, mdomo umejaa chakula, kwamba akichoka na mji atarudi afuge ng'ombe wa maziwa. Yawezekana aliyasema hayo kwa ajili ya chakula. Lakini baba yake tangu siku ile alishafuga, akakamua na kuuza maziwa, yote akiwa kwenye kiti. Na mama yake, anayecheka kila kitu cha baadaye ndani ya nyumba ile, sentensi hiyo moja hakuicheka. Aliikunja akaiweka, kama watu wanavyoweka nguo za mtoto ambaye hajazaliwa.

"Sawa," alisema. "Twendeni tukaone."

Yadi ya matrekta ilikuwa uwanja wa kokoto uliozungushiwa waya, matrekta yamepangwa safu kama yanasubiri kupigwa picha. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai na viatu safi, jambo ambalo Mama Doria alilitilia shaka papo hapo. Aliyapita matrekta madogo bila kuyatazama, akawapeleka mbele ya moja kubwa lenye magurudumu ya nyuma yaliyompita Mama Doria kwa urefu.

"Mahitaji ya mtu hayakai mahali pamoja, mzee," alisema muuzaji. "Leo una shamba hili, kesho unaongeza. Leo unalima, kesho unafuga. Hili halitakuaibisha."

Bwana Baadaye aliitikia kwa kichwa mpaka kofia ikateleza. Hatimaye alikuwa amempata mtu anayezungumza lugha ya nyumbani kwake. Mshauri alipiga gurudumu teke, akasikiliza, akasema, "Chuma hiki," kama vile wengine walidhani ni unga.

"Samahani, mwanangu," alisema Mama Doria. "Mwenye kuliendesha ni nani?"

Muuzaji akamtazama mzee. Mzee akamtazama mdogo wake. Mshauri akainama kulitazama gurudumu, pengine lingejitolea lenyewe. Ukweli ni kwamba macho ya Bwana Baadaye yalishaingiwa na ukungu, kiasi kwamba alimsalimia muuzaji akiwa amegeukia pipa la mafuta. Kusafishwa macho alipangiwa, akasema baadaye. Mshauri alikuwa na mgongo. Kila mtu ana mgongo, lakini wake ulikuwa unauma penye kazi tu. Walikuwa wamekaa kikao kizima, wamewalisha ng'ombe, wamechimba mitaro, wamefunga marobota, na juu ya kiti cha trekta hawakuwa wamemweka mtu.

"Kijana akirudi..." alianza Bwana Baadaye.

"Mvua inamsubiri?" aliuliza mkewe, na akaanza kupanda.

Alipanda kwa mkono wa kushoto, sketi ameibana magotini, shemeji yake akijifanya anaangalia mawingu. Juu palikuwa pazuri, hilo alikubali. Aliona mpaka ng'ambo ya barabara, akaona na mtu aliyeacha bomba linamwaga maji bure. Ila mguu wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Pedali ya klachi ilikuwa huko chini, nchi nyingine.

"Kiti kinasogea mbele, mama."

Wakakisogeza mpaka mwisho. Kidole gumba kikagusa.

"Si umefika?" alisema Mshauri.

"Nimefika kama ulivyofika wewe kwenye udereva, shemeji."

Aliuliza namna vifaa vinavyofungwa. Muuzaji akapiga mluzi, wakaja wanaume wawili. Trekta likarudi nyuma mpaka kwenye jembe la diski, mmoja akalisukuma kwa mtaimbo, mwingine akaiinua mikono mitatu ya chuma iliyo nyuma, akachomeka pini. Dakika chache tu, kazi safi.

"Na nikiwa peke yangu?"

"Mama, nyumbani hutakosa wanaume wa kukusaidia," alisema muuzaji.

Mama Doria akawatazama wanaume wa nyumbani. Akawatazama kwa muda wa kutosha mpaka muuzaji naye akawatazama.

Ndipo wakarudi kwenye yale madogo. Lile alilolichagua lilikuwa na kimo cha ng'ombe mmoja, tena asiyeshiba, na lilikuwa na visu vya kuzunguka vya kutifulia udongo na jembe dogo la kupandishia matuta. Miguu ilifika yote miwili. Akawaomba watu wasimame mbali, akashuka, akaanza kulifunga jembe la matuta mwenyewe. Alihangaika. Mkono mmoja wa chuma uliingia, wa pili ukakataa, akaenda kulisogeza trekta kidogo tu, likaruka kama limeng'atwa, Mshauri akajikuta juu ya rundo la matairi. Akarudi, akafunga, akajifuta jasho, akaliinua jembe kwa fahari. Jembe likadondoka puu! Alikuwa amechomeka pini akasahau kile kijiklipu cha kuishika. Wale wanaume wawili walicheka mpaka wakashikana. Yeye akacheka nao, mikono imejaa grisi, akarudia. Mara ya pili lilipanda likabaki juu, na bega la kulia halikuombwa chochote.

"Hili," alisema.

Bwana Baadaye hakubisha kwa sauti. Alisogea karibu, akaongea chini chini, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Hili halibebi marobota, mama watoto. Halizoi samadi ya ng'ombe kumi. Tukilinunua hili, tunamwambiaje kijana? Kwamba tumeshafunga mlango?"

Grisi ilianza kumkaukia Mama Doria viganjani. Aliangalia trekta dogo, akaangalia kubwa. Kubwa lilikuwa limesimama na koleo lake la mbele kama mtu aliyenyoosha mikono kupokea mzigo. Mtu mwenye kubahatisha angelichukua, angejifunza kuliendesha kwa kidole gumba, angevumilia msimu mmoja, miwili. Akina mama wamevumilia makubwa kuliko klachi.

Akaenda nyuma ya rundo la matairi, akampigia mwanawe simu.

"Shikamoo, mama. Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Marahaba. Hakuna anayeumwa. Tuko kwenye matrekta. Nataka nikuulize kitu, na usinijibu kwa 'Mungu akipenda'. Yeye nitamuuliza mwenyewe. Utarudi kufuga?"

Kwenye simu ilisikika drili ikitoboa ukuta, kisha ikanyamaza.

"Mama, mambo si..."

"Ndiyo au siyo, baba. Nimeshika simu kwa kidole kimoja, vingine vina grisi."

"Siyo, mama." Akavuta pumzi. "Mke wangu amepata kazi ya kudumu hapa. Mtoto ameshazoea shule. Na mimi, ukweli, ng'ombe nawaogopa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Baba kila nikipiga simu anaongeza mmoja. Wameshafika kumi. Ningemwambiaje?"

"Mimi je? Mbona mimi hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unanyamaza, mama. Baba akianza habari za ng'ombe, wewe, unayemkatisha kwa kila kitu, unanyamaza. Nikajua na wewe unawataka."

Mama Doria akalitikisa tairi la juu kwenye rundo, likatikisika.

"Unakula vizuri?" aliuliza mwishoni.

"Nakula, mama. Chukua litakalokufaa wewe. Sawa?"

"Sawa. Zima umeme kwanza kabla ya kushika hizo waya."

Aliporudi, uso wake ulikuwa na mstari mweusi wa grisi kutoka jichoni hadi shavuni. Bwana Baadaye, asiyemwona muuzaji mbele ya pua yake, huo aliuona.

"Amesemaje?"

"Amesema tuchukue linalonifaa mimi."

Mzee akasogea kwenye trekta dogo, akakipangusa kifuniko cha gurudumu kwa mkono wa shati lake jipya, taratibu, akarudia palepale palipokwisha kung'aa. Ng'ombe kumi waliuzwa hapo, bila mnada.

"Rangi yake nzuri," alisema.

"Kaka, lakini kumbuka nilivyokushauri..."

"Nyamaza wewe," walisema mke na mume pamoja, na hilo nalo lilikuwa la kwanza katika ndoa yao.

Muuzaji, aliyeanza kuona haya kidogo kwa ajili ya viatu vyake safi, aliwaketisha kwenye kijiofisi chake chenye feni. Trekta dogo, visu vya kuzunguka, jembe la matuta, basi. Tela wangekodi. Akawasomea walichochagua, akageuza kalamu.

"Kuna mabano ya chuma ya kufungwa mbele kwenye fremu. Yenyewe hayafanyi kazi yoyote. Ila yakiwekwa sasa, siku ikitokea mtu anataka koleo dogo la mbele, tuseme la kuzolea samadi ya ng'ombe wawili watatu, linafungwa bila kubomoa kitu. Watu wengi hawayachukui. Niyakate kwenye orodha?"

Feni ikazunguka. Bwana Baadaye alitazama meza. Mama Doria alikuwa anaikuna grisi chini ya ukucha, kwa makini, kama imeandikwa kitu.

"Weka," alisema.

Mshauri akageuka na kiti chake chote, uso umechanua, mdomo umeshaanza kufunguka kwa furaha ya mwaka mzima. Chini ya meza, kaka yake akamkanyaga mguu, na hakuuondoa mpaka karatasi zilipokwisha kutiwa saini.