Mkongo alinijibu "ça va" huku anakata roho pembeni yangu, safari ya Mbeya–Dar

Wakuu, poleni na majukumu. Hili lilinikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Nilipanda basi Uyole kwenda Dar. Seat ya pembeni alikaa dada wa Kikongo aliyetokea Tunduma, kajifunga kitenge, kapakata begi dogo.

Nilijua tutapiga story, maana Wakongo wengi wanaopita kwetu wanaongea Kiswahili. Huyu hapana. Kwao Kinshasa, ni Kilingala na Kifaransa tu.

Mimi Kifaransa nilijifunza kwenye app baada ya chuo, kipindi nakaa tu nyumbani nasubiri ajira. Nikamwambia, "Bonjour, ça va?", yaani habari, mzima? Akatabasamu. "Ça va, merci." Nikajiona balozi.

Tulipopita Iringa mjini akaanza kubadilika.

Jasho linamtoka na baridi yote ile. Mikono kaikunja tumboni, paji la uso kalilaza kwenye kiti cha mbele.

"Ça va?"

"Ça va," akasema, macho kafumba.

Konda akapita. "Anasemaje huyo?"

"Anasema yuko poa."

"Basi mwache alale. Hawa wanatoka mbali."

Hapo ndipo nikamkumbuka bibi. Bibi yangu yuko Kilolo. Ukimsalimia kwa Kihehe, "kamwene", anakuitikia "kamwene" vilevile, hata kama homa imemlaza. Na sisi wote si tuko hivyo? Mtu kafiwa, unamuuliza habari, anasema nzuri, ndipo anaanza kulia.

Kwa nini Mkongo awe tofauti? Mimi nilimpa salamu, naye akaitikia salamu. Kuhusu hali yake nilikuwa sijamuuliza chochote.

Basi likasimama Ilula, wauza nyanya wakajaa madirishani. Mbele yetu ni mteremko wa Kitonga, na lori likiharibika kwenye zile kona mnakaa hapo mpaka mchoke. Nikamwazia huyu dada akizidiwa katikati ya foleni ile.

Nikaachana na ça va. Nikagusa tumbo langu mwenyewe. "Mal? Ici?" Panauma? Hapa?

Akafumbua macho. "Mal. Très mal." Panauma sana.

Akashusha sentensi ndefu, ya haraka. Nikadaka neno moja tu, "enceinte", yaani mjamzito. Tumbo lenyewe hata halionekani. Nikamuuliza, "Du sang?" Damu? Akaitikia kwa kichwa.

Nilimwita konda. Nikamwambia huyu ashuke, apelekwe hospitali hapahapa.

"Bro, si umesema yuko poa?"

"Alisema yeye. Mimi nasema anaumwa."

"Tukimwacha hapa hajui mtu, hajui lugha. Akipotea utajibu wewe?"

Wakuu, nikapima. Kama nimeelewa vibaya, namtupa mgeni wa watu barabarani. Kama nimeelewa sawa na tukaendelea, anafia njiani. Na kilichokuwa kinaamua ni Kifaransa cha kwenye simu.

"Nashuka naye," nikasema.

Mama mmoja wa baibui, muuza vitenge wa Mbeya, alikuwa nyuma yetu. Akainuka kumshika dada mkono wa pili. "Konda, toa na begi la huyu kijana, msije mkalifikisha Dar lenyewe."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Sisi wawili tukachukua bajaji kwenda hospitali ya hapohapo Ilula. Njiani dada alining'ang'ania shati, akasema, "J'ai peur." Naogopa. Hiyo naijua. Nikamjibu, "Moi aussi." Na mimi pia. Sikuwa na neno lingine la kweli.

Daktari alimpima, akasema mimba imetunga nje ya kizazi na damu inavujia ndani. Ambulance ikaturudisha Iringa, akafanyiwa operesheni. Akapona, na dada yake akaja kutoka Dar kumchukua. Daktari aliniambia kama tungeendelea na basi kuteremka Kitonga, asingefika hospitali akiwa hai.

Wengine mtasema ni bahati. Sibishi, inawezekana.

Ila nimejifunza hivi: kujua neno lina maana gani ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua watu wanalitumia kuficha nini. Ukitaka kujua hali ya mtu, muulize panauma wapi.

Sasa mnaojua Kifaransa, na ninyi wa lugha nyingine zote: kwenu mtu aliyezidiwa akisalimiwa, anajibuje? Na ninyi huwa mnamtambuaje? Andikeni hapa chini, kuna mtu atapanda basi kesho na jirani asiyemwelewa.