Maana ya Wilfred

Basi la kampuni lilikuwa limetuchukua kazini Lusail, hapa Qatar, alasiri, nami nimeegemea dirisha nikipigana na usingizi, ujumbe wa sauti wa dada yangu ulipoingia. Amejifungua mtoto wa kiume huko nyumbani Kenya. Wanataka kumpa jina langu, ila katekista anataka wazazi waeleze maana yake kabla ya ubatizo. "Kaka, Wilfred ni kusema nini hasa? Nyanya alikuwa akituambia, mimi nimesahau."

Mimi sijasahau, rafiki yangu. Nimeibeba maana hiyo mpaka mabega yamechoka.

Nilizaliwa wakati baba na baba mkubwa hawasemezani. Waligombania mpaka wa shamba, na kati ya boma zetu mbili palikuwa na ua wa michongoma, miiba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia. Jina lenyewe nilipewa kwa sababu ndogo tu: lilimpendeza mama masikioni. Nyanya, mamake baba, hakuliweza. Aliniita Wilifiridi. Jumapili moja akamuuliza katekista wa wakati ule lina maana gani. Katekista akamweleza kuwa ni jina la watu wa kale wa Ulaya ya kaskazini, mababu wa Wajerumani na Waingereza, ambao walizoea kuunga maneno mawili kumpa mtoto jina moja. Neno la kwanza ni kutaka, la pili ni amani. Mama husema siku hiyo Nyanya alirudi kutoka kanisani akitembea haraka, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nilipopata nguvu ya kubeba bakuli bila kumwaga, kazi yangu ikaanza. Jioni, ndama wakishafungwa na moshi wa jikoni umeshika nguo zetu, Nyanya alipakua kunde alizozichemsha kwa magadi na kuziunga kwa maziwa, akaweka na ugali wa wimbi juu, akanielekeza kwenye mwanya wa ua. "Wapelekee wale," alisema. "Wewe ndiwe mtaka amani."

Mke wa baba mkubwa hakupokea. Alisimama mlangoni akifuta mikono kwa leso, akaniambia nirudishe chakula kilikotoka. Kesho yake nikatumwa tena, na kesho kutwa pia. Baba aliona yote, lakini hakuna aliyethubutu kumkataza mamake. Mimi ndiye niliyechanwa na miiba kwenda na kurudi. Nilimchukia katekista.

Jioni moja mvua ikiwa imetoka kunyesha, nilichoka, nikakaa kwenye jiwe upande wao wa ua, bakuli mapajani. Baba mkubwa alitoka zizini akanikuta hapo.

"Nani amekutuma?"

"Nyanya."

"Amesema uniambie nini?"

"Hajasema kitu. Amesema ni kwa sababu ya jina langu."

Aliniuliza jina langu lina nini, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akanawa mikono kwenye maji ya mvua yaliyojaa kwenye ndoo, akaketi chini kando yangu, akala. Alikula polepole, macho kwenye bakuli la mamake. Hakusema asante. Alipomaliza aliosha bakuli mwenyewe, akalijaza asali, akanirudishia.

Sitakudanganya kwamba walipatana siku ile. Baba aliionja asali ile akasema inanuka moshi. Lakini miaka ilipopita, baba akashikwa na ugonjwa asiweze kusimama, aliyembeba mgongoni mpaka barabara ya gari alikuwa baba mkubwa, akipita kwenye ua uleule shati likichanika. Habari za mpaka hazikutajwa tena na yeyote.

Ndipo jina likanikaa kama sare. Shuleni mwalimu aliniketisha katikati ya wavulana wasiopikika chungu kimoja. Hapa Qatar mimi ni askari wa mlangoni hotelini, kutwa nzima nawatuliza wenye hasira. Nikirudi chumbani, mtaa wa Muaither, Mganda na Mkenya mwenzangu wamezozana juu ya zamu ya jiko, wote wawili wananingoja. "Willy, mwambie huyu." Nawaambia khalas, yaani basi imetosha, nawaachia jiko, nalala na njaa.

Basi lilipopita njia panda, nilimpigia dada. Nikamweleza yote, kutaka na amani, na watu wa kale.

"Ni zuri," alisema. "Nitamwimbia."

"Mpeni jina. Maana yake msimwambie mpaka awe mtu mzima."

"Kwa nini, kaka?"

"Mwacheni acheze kwanza."

Akasema sawa.

Ua ule uling'olewa, pamejengwa ukuta wa mawe wenye vigae vya chupa juu. Baba na baba mkubwa wamezikwa shambani, Nyanya kati yao. Siku hizi ukoo wetu hugombana kwenye kundi la simu: mtu akiudhika hujitoa tu, tukaona jina lake limeondoka, kila mmoja akaendelea na shughuli zake. Sijui mtu huyo hufuatwa wapi na bakuli la kunde. Na hakuna aliyebaki duniani anayeniita Wilifiridi.