Chapati za Kuwatembelea Ndege

Mnamo Januari 1973, baridi ikiwa imeing'ang'ania Birmingham, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mjane wa miaka miwili, na nilihitaji ndege mmoja tu. Chama cha watazama ndege cha mtaani kwetu Sparkhill kilitoa cheti kwa yeyote aliyeona aina ishirini za ndege wa majira ya baridi kando ya Mto Cole. Mimi nilianza shule nikiwa mtu mzima. Cheti sikukidharau hata kama kilihusu bata. Nilikuwa nimefikisha aina kumi na tisa.

Jumamosi tarehe 13 niliandamana na jirani yangu, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Nakuru. Alikuja na chapati sita ndani ya kitambaa.

"Za nini?" nikamuuliza.

"Dada, utaenda kwa watu mikono mitupu?"

"Ni ndege."

"Kwani ndege hawana kwao?"

Tukashuka hadi mtoni. Tulizimega, tukazitupa ukingoni. Mbele yetu mwenyekiti wa chama, dereva wa basi mstaafu, alikuwa amelala kifudifudi, amejifunika majani makavu, akitunyamazisha kwa kidole. Mara matetini akatoka ndege wa kijivu mwenye mdomo mrefu mwekundu, mwoga kupita wote, ambaye mwenyekiti alikuwa amemngoja majira kumi na moja ya baridi. Akaokota kipande cha chapati, akapita karibu na pua ya mwenyekiti, akarudi zake.

Nilimwandika wa ishirini. Jumatatu mwenyekiti akaninyima cheti: ndege aliyekaribishwa chakula, alisema, hahesabiwi.

Nilikata rufaa. Kamati ilikutana katika chumba cha nyuma cha maktaba, nami nikavaa koti langu la kanisani. Jirani yangu ndiye aliyeomba kuuliza.

"Mzee, wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukamwandika?"

Mwenyekiti akatazama viatu vyake. "Kwa wino."

"Basi mfute, na dada yangu naye atamfuta. Mtakuwa sawa."

Katibu akamsogezea daftari la chama na kalamu nyekundu. Mwenyekiti aliishika kalamu ile kwa muda, akairudisha mezani, kisha akapendekeza mwenyewe kwamba ndege aliyeonekana ameonekana, hata akiwa na chakula mdomoni. Wajumbe wote watano waliunga mkono. Cheti changu kilitiwa sahihi saa moja na dakika ishirini jioni, Alhamisi tarehe 15 Februari 1973.