Mwano wa Korongoni

Nilipigwa mchenya wa mbuzi wawili kwa kosa ambalo hata leo ningelirudia. Mchenya, kwa asiyezijua taratibu zetu Wasukuma, ni faini ya kijiji: ukikosea unatoa mnyama, watu wanamla, na maneno yanaishia hapo. Kosa langu lilikuwa kupiga mwano bila mwizi. Mwano ni lile yowe la hatari. Mwanamume akilisikia anaacha jembe, anaacha ugali mdomoni, anashika upinde na kukimbia, maana ng'ombe wa mtu wameibwa. Asiyekimbia anapigwa mchenya. Anayelipiga kwa uongo, vivyo hivyo.

Sasa niseme ilivyokuwa.

Kati ya mji wetu na zahanati kulikuwa na korongo. Kiangazi ni mchanga tu, mbuzi wanalala humo. Lakini mvua ikinyesha huko juu vilimani, hata kama kwetu jua linawaka, maji yanashuka mekundu na magogo na vichaka vyake, na wewe umesimama ukingoni unaliona bati la zahanati linang'aa. Kwenda, ng'o! Upana wake hatua kumi na moja. Nimezipima mwenyewe kwa miguu yangu, kwa hasira, mara nyingi.

Kwenye ukingo huo nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, asubuhi, jua limeshapanda. Mama mkwe alimpokea kwa kanga yake. Mtoto alipumua kidogo, akanyamaza. Maji yalipopungua jioni hatukuwa tena na haja ya kuvuka. Mama mkwe aliifua ile kanga, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku lake, na tangu siku hiyo hakumtaja yule mtoto hata mara moja.

Kwa hiyo nilipopata mimba nyingine, nikahesabu miezi kwa vidole nikaona inaangukia masika, nilimwambia mume wangu, "Safari hii navuka. Mkinizuia kwa maji nitavuka nikiwa maiti."

"Usiseme hivyo."

"Basi tujenge daraja."

Zamani mtu ungekwenda ushirika, ukaomba trekta, ukangoja. Mume wangu alikwenda akakuta ofisi imefungwa na ndege wamejenga ndani ya ghala. Ndiyo ilikuwa miaka ile pamba inanunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori, na hao nao malori yao yalisimama ng'ambo wakatupigia kelele tuwabebee mizigo huko huko. Nikaona bora niende mwenyewe Bariadi, wilayani. Kaka yangu alinipakia kwenye baiskeli, mashimo yote ya njiani nikayapokea kwa kiuno. Ofisini nilimkuta bwana mmoja mpole, akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama, siku hizi ni ruksa," akasema. "Mambo mengi wameachiwa wananchi wenyewe. Jichangieni kwanza, halafu mlete maombi."

"Na huyu aliyeko tumboni nimwambie angoje maombi?"

Nilitoka nikiwa nimekasirika mpaka nikasahau kuaga, na mimi si mtu wa kusahau kuaga.

Miti niliipata kwa baba yangu mzazi. Alikuwa na mikaratusi miwili mirefu, akiiita benki yake. Nilipomweleza shida yangu, akasema, "Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yako nimewatumia mpaka wameisha. Hiyo miti ni yako." Mume wangu na kaka yangu waliikata kwa msumeno wa watu wawili, wakaipogoa, wakaikokota kwa maksai wanne na mnyororo. Mimi na mama mkwe tulipanga mawe kwenye kingo zote mbili, jiwe juu ya jiwe, tumbo langu likinitangulia. Majirani wakipita walitucheka, wakiniita mayu, mama kwa Kisukuma. "Mayu, unajenga daraja la Dar es Salaam?" Ndiyo, niliwajibu, na nyinyi mtalipita bure.

Mwezi wa pili, mvua zimepumzika, magogo yote mawili yalikuwa yamelala mchangani katikati ya korongo, yakingoja kunyanyuliwa. Nira ikavunjika. Mume wangu na kaka yangu wakarudi na maksai nyumbani kuitengeneza. Mama mkwe alikuwa amekwenda kisimani. Nikabaki peke yangu.

Ndipo nikasikia ngurumo huko juu. Kwetu hakuna hata wingu. Upepo ukaja na harufu ya udongo uliolowa. Yale magogo yangechukuliwa, na baba hakuwa na miti mingine. Nikapanda ukingoni nikaita. Mashambani watu walikuwa wanapalilia pamba, nawaona kabisa. "Njooni mnisaidie!" Mmoja akanipungia mkono. Mwingine akacheka, akainama tena. Daraja la Dar es Salaam, si ndiyo!

Nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga mwano.

Jamani, ule mwano! Mji wa jirani ukaupokea, na wa pili yake, na wa tatu. Haikuchukua muda wanaume walikuwa wanamiminika kutoka kila upande, vifua wazi, pinde, mikuki, fimbo. Mbele yao mkuu wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, mtu mrefu asiyependa mchezo.

"Wameelekea wapi?"

Nikamwonyesha magogo.

Akayatazama. Akanitazama. "Mayu, nakuuliza mwizi yuko wapi?"

"Umesimama juu yake," nikasema. "Korongo hili liliniibia mtoto mchana kweupe, nyote mkiwa nyumbani. Nani alipiga mwano? Ingekuwa ndama mngefuata nyayo mpaka Meatu!"

Yule mkuu alilaza upinde wake chini ya kichaka, akakunja suruali. "Shikeni upande ule," akawaambia. Walikuwa zaidi ya thelathini. Gogo la kwanza lilipanda kwa wimbo. La pili walikuwa wanaliweka kwenye mawe povu la maji lilipotokea kwenye kona, jekundu, likisukuma takataka mbele yake. Wa mwisho alitoka maji yakiwa magotini.

Nilidhani wamenisamehe. Wapi! Kesho yake niliitwa mkutanoni. "Kazi tumefanya," mkuu akasema, "na kosa umefanya. Mwano wa uongo ukizoeleka, siku ya mwizi hakuna atakayekuja. Mbuzi wawili." Mama mkwe aliwaunga mkono mbele ya watu wote, na nyumbani akanisema wiki nzima kwamba mwano hauchezewi. Nilinuna. Lakini yule mkuu aliamuru mbuzi waliwe pale korongoni, na kwamba hakuna atakayeonja nyama kabla hajapigilia fito yake moja juu ya magogo. Jioni daraja lilikuwa limekwisha, na mbuzi wamekwisha.

Masika uchungu ulinishika asubuhi, na korongo limejaa hadi juu. Mume wangu alinishika kwa mbele, mama mkwe kwa nyuma. Daraja lilikuwa linatikisika. Katikati nilisimama, nikatazama chini yale maji, nikayatukana kwa Kisukuma tusi ambalo sitaliandika hapa. Mama mkwe hakunikemea.

Mtoto alizaliwa mchana, wa kike. Alipolia, mama mkwe alifungua kifurushi alichokuja nacho, akatoa kanga. Niliitambua. Akamfunika nayo, akamtazama sana, kisha akatoka nje ya zahanati.

Nikasikia mwano.

Ulikuwa wake, nisingeweza kukosea. Ng'ambo wakaupokea. Kisha nikasikia miguu juu ya fito za daraja, mingi, inakimbia, na sauti ya mkuu wa sungusungu, anahema:

"Mayu! Mwizi yuko wapi?"

"Yule pale chini, anapita," mama mkwe akamjibu. "Leo hajapata kitu."

Mbuzi wawili wa mchenya aliwatoa mwenyewe, kabla hawajamwomba.