Fundi Cherehani na Kidonge Chake

Kila asubuhi fundi cherehani hula kwanza viazi viwili na yai, ndipo humeza kidonge chake cheupe, macho kayafumba kama mtoto. Vidole vyake vimeota sugu kwa mkasi, na sauti yake hufika hadi duka la tatu. Mteja akimuuliza anameza nini, hujibu, "Namtuliza sukari, mgeni asiyeaga." Mwanzoni vidonge vilimvuruga tumbo, akaviacha kimyakimya, hadi mkewe alipokuta pakiti nzima chini ya rundo la vitambaa. Mama wa watu hakugomba. Alimshika mkono wakaenda kliniki, na daktari akaeleza kwamba dawa ile inataka kumezwa pamoja na chakula. Tangu hapo fundi hajaruka hata siku moja. Juzi walirudi kupokea majibu ya kipimo cha miezi mitatu. Daktari alisoma karatasi, akatabasamu. "Mzee, sukari imeshuka vizuri sana. Endelea hivyo hivyo." Fundi aliinuka akamkumbatia daktari, akamkumbatia muuguzi, akaanza kumwendea na mgonjwa aliyekuwa akisubiri mlangoni. Mkewe akamvuta shati.

"Sasa usije ukajiona umepona ukaacha dawa."

"Niache, halafu gauni lako nani atalishona?" Fundi alicheka hadi machozi yakamtoka. "Mke wangu, nimewashonea watu wote wa mtaa huu isipokuwa wewe, kila siku nakwambia kesho. Twende ukachague kitambaa."